Wito Bila Kiitikio

Garimoshi lilikuwa limeshaanza kuondoka Tabora walipomtupia yule mtu mlangoni kwetu. Sisemi walimpandisha. Walimtupia, kama gunia la karanga, wawili wakikimbia sambamba na behewa na wa tatu akisukuma miguu. Kiatu kimoja kilibaki kwenye kokoto za reli. Mlango ukajifunga wenyewe, stesheni ikarudi nyuma na vumbi lake jekundu, ikaisha.

"Huyu si wa behewa hili," alisema Mama Ndalu. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mimba yake imejaa mapajani kama mtungi, anakwenda kwao Saranda. "Tazama soksi. Hariri hiyo."

"Wa hariri wanapanda ndege," akasema mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa pembeni na fimbo yake.

"Ndege zimefungwa na vumbi wiki nzima, babu. Leo wote tuna miguu ya chuma."

Mtu mwenyewe alikuwa kajikunja, mikono miwili tumboni, uso sakafuni. Nilimshika bega nikamgeuza. Nikamwona.

Nimezunguka nchi hii tangu nikiwa kijana. Nimechimba chumvi Uvinza, nimelinda mizinga ya nyuki Sikonge, nimesoma darasa moja hapa na jingine kule, nikaacha yote. Nyuso nyingi nimezisahau. Huu sikuusahau. Ulikuwa wa Pazi Mwalami, mkuu wa Kampuni ya Mwangwi, Mzaramo wa Kisarawe, mtani wangu. Mtu aliyelala kwenye kaburi la mwanangu akicheka.

"Mzee Mihayo!" Daktari Koku alikuja akivaa glavu. Jina lake zima ni Kokushubira, binti wa Kihaya, bado mgeni kazini lakini ana mikono mizuri. "Mweke mezani. Washa tochi."

Tochi ya sauti ndiyo mashine yetu, ile inayoona ndani ya mwili kwa kusikiliza. Mimi ndiye mwendeshaji wake kwenye Garimoshi la Tiba, linalobeba abiria na kuwatibu bure. Ndani ya tochi ile, ubavuni, kuna tundu, na ndani ya tundu mlikuwa na kidude changu, kidogo kama punje ya hindi. Kila mgonjwa aliyepita mikononi mwangu nilimpima kidude kikiwa ndani.

Daktari aliinama kumchania shati mgonjwa. Mimi nikakichomoa kidude, nikakifunga kwenye uzi, nikauvaa shingoni.

*

Ngoja nieleze kidude, maana bila hicho hakuna hadithi.

Zamani mashine hizi zilipiga sauti moja fupi, kama kofi, zikasikiliza mwangwi. Ukitaka kuona ndani zaidi, upige kofi kubwa zaidi, na nyama ya mtu ina mwisho wake wa kupigwa. Basi wakaja mafundi wa Mwangwi na akili nyingine. Badala ya kofi moja kubwa, wakapiga makofi mengi madogo kwa mpangilio maalumu, mrefu, kama mkono wa ngoma. Hata kijiji kizima kikipiga kelele, mpigaji anautambua mkono wake. Mwangwi ukirudi, mashine inautafuta mpangilio ule ule ndani ya kelele, inaukunja wote uwe nukta moja kali. Ndiyo ikawa wanaona hadi nyuma ya mfupa. Mpangilio huo waliuita wito.

Lakini kukunja kuna makombo. Pembeni ya kila kitu cha kweli, wito unaacha vivuli. Kwa hiyo walitunga mpangilio wa pili, kiitikio. Nacho kina vivuli, ila kinyume kabisa cha vile vya kwanza. Piga wito, piga kiitikio, jumlisha. Vivuli vinauana. Cha kweli kinabaki, tena kimekolea maradufu. Sharti ni moja: mwili usihame kati ya wito na kiitikio. Ndiyo sababu nilipima watu vituoni tu, garimoshi likiwa limetulia.

Haya siyasemi kwa kusikia. Miaka ile ya mwanzo walitafuta mtu wa kulala mezani wajaribie, nami nilikuwa natafuta chakula cha bure. Tumbo hili ndilo walilojifunzia. Pazi alikuwa kijana, fundi mkuu, akipita ananipiga kofi la tumbo: "Mnyamwezi, humu ndani mna ugali tu na pembe za tembo za babu yako." Nami namjibu, "Na ndani yako mna ngoma tupu, Mzaramo, hata moyo haumo." Tukacheka. Huo ndio utani, na utani una sheria zake. Mtani hakasirikiwi. Mtani akitia mkono akachukua kitu chako, hakiulizwi. Na mtani akifiwa, wewe ndiye wa kwanza kushika jembe.

Pazi alipokuwa mkuu, aliona kwamba kiitikio kinakula nusu ya muda. Ukikikata, foleni inakwenda mara mbili. Akakikata, lakini kwenye mashine za zahanati za vijijini na mabehewa ya bure tu. Mjini kilibaki. Na ili picha isijae vivuli, akaifundisha mashine ivifute yenyewe: chochote kilichojibanza nyuma ya kitu kikubwa na kufanana nacho, ni kivuli, futa. Mafundi wakatumwa nchi nzima kung'oa vidude vinavyopiga kiitikio. Mtambo mkuu wa kampuni ungeweza kukirudisha kiitikio hewani, hata bila vidude, kwa mashine zote, siku yoyote. Hawakutaka.

Mwanangu Mwashi alipimwa Urambo mara tatu. Picha safi. Mtoto mmoja, mzima, kichwa chini. Alijifungua mtoto wa kike, na mkunga akamchoma ile sindano ya kulikaza tumbo baada ya uzazi, kama anavyomchoma kila mama. Hakukosea. Kwa picha aliyopewa, hakukosea. Lakini nyuma ya yule mtoto kulikuwa na mwingine, kamlalia mwenzake mgongoni tangu mwanzo, na mashine ilikuwa inamfuta kila safari. Tumbo likajikaza na mtu yumo ndani. Mtoto akafa, mama naye akafa.

Aliyebaki tulimwita Kulwa, maana kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hakuna majina mengine. Anaishi na shangazi yake Urambo. Kila mtu anayeambiwa jina lake humwuliza swali moja: "Na Doto yuko wapi?"

Pazi alikuja mazishini. Alitoka Dar es Salaam mpaka Urambo, kwa utani. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, aliruka ndani akalala chali, mikono kifuani: "Simpishi mtu! Huyu binti alininyima asali, leo nakaa kwake mpaka nilipwe!" Watu wakacheka katikati ya machozi. Ndivyo inavyotakiwa. Nami nilicheka. Nikamlipa, akatoka, nikamfuta mchanga mgongoni kwa mkono wangu.

Baadaye sana, Kigoma, kwenye kibanda cha mama ntilie, nilikaa na mmoja wa mafundi waliong'oa vidude. Alikuwa amelewa, akaeleza yote, akanipa kimoja alichokificha. Tangu siku hiyo nikaomba kazi kwenye Garimoshi la Tiba.

*

"Pima," alisema Daktari Koku.

"Garimoshi linatikisa, Daktari."

"Litikise. Huyu hawezi kungoja kituo. Leo hatusimami popote mpaka Manyoni, tunafidia ucheleweshaji, isipokuwa mimi niamuru Itigi. Itigi kuna wapasuaji. Niambie kama niamuru."

Nilimpaka mafuta tumboni, nikapitisha tochi polepole, kwa adabu, kama ninavyowapitishia wote. Wito ukaenda, wito ukarudi. Picha ikatoka safi kama sahani ya mgeni.

Daktari akaitazama, akamminya mgonjwa hapa na pale. "Mshipa mkubwa umetanuka kidogo, lakini ni umri. Sioni damu. Itakuwa vidonda vya tumbo, au gesi." Akamchoma dawa ya maumivu. Mara mtu akaja mbio kutoka behewa la tatu, mtoto wake anatapika mfululizo. Daktari akachukua mkoba. "Kaa naye, Mzee. Akibadilika niite."

Akaondoka. Nikavuta kiti nikakaa.

Dawa ilimpa Pazi nafuu kidogo. Akafumbua macho. Hakunitazama mimi, alitazama kioo. Akaitazama ile picha muda mrefu, kama mtu anayesoma mwandiko wake mwenyewe.

"Imekuwa safi mno," alisema. "Nani mwendeshaji?"

"Mimi."

Akageuza kichwa. "Mnyamwezi."

"Mzaramo."

"Hujafa tu? Bado unabeba mizigo ya watu?"

"Leo nimekubeba wewe. Mzigo mbovu, hata mnadani hautanunuliwa."

Akacheka, na kicheko kikamkata tumbo, akauma midomo mpaka kikapita. Jasho likamwagika. "Mihayo," akasema chini chini, "hiyo ni picha ya wito mtupu. Nina kitu nyuma ya mshipa. Nakisikia kinachuruzika. Hapo kwenye kioo hakipo."

"Hakipo. Kimefutwa. Kimejibanza nyuma ya kitu kikubwa, kinafanana nacho."

Alijua maneno hayo ni ya nani.

Nikavuta uzi shingoni nikamwonyesha kidude. Nilitaka akione. Mtu unayemlipiza asipojua analipizwa, hujamfanya kitu. Utakuwa umemwua tu.

"Ni cha zamani hicho," alisema. "Umekipata wapi?"

"Wote hawa nawapima nacho." Nikamwonyesha behewa kwa kidevu: Mama Ndalu, mzee wa Kigogo, wanawake wenye watoto mgongoni, kijana mwenye jicho la bandeji. "Kila mmoja, zamu yake ikifika. Wewe peke yako nimekupima kwa tochi yako, kama ulivyoiacha. Sikuongeza, sikupunguza."

"Kitie."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Waambie hawa ulichokata. Kwa sauti."

Akafumba macho. "Kesho nasaini mkataba Dodoma. Nchi nzima, hospitali zote za serikali, tochi elfu kwa maelfu. Nikisema hapa, kesho haipo."

"Usiposema, kesho haina wewe."

Garimoshi lilipita kwenye miti mikavu, kivuli mwanga, kivuli mwanga, usoni kwake. Nilikuwa nangoja aombe. Nilikuwa nimengoja miaka. Naye anajiuliza, namwona kabisa, kama anaweza kuvumilia mpaka Dodoma na mdomo wake umefungwa.

"Nikuulize moja tu," nikasema. "Siku ile Urambo, mle kaburini. Ulikuwa unajua?"

"Mkunga alipeleka habari zahanati, zahanati ikatuletea sisi. Nilikuwa najua."

"Ukaingia ukalala."

"Ningefanyaje? Mimi mtani wako. Nisingeingia, mngeuliza kwa nini Pazi leo hachezi. Niliingia kwa sababu nilijua."

Kulikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa madogo.

Ndipo alipoinua mkono. Sikudhani ana nguvu ile. Aliupeleka shingoni kwangu, akaukamata uzi, akauvuta ukakatika. "Utani!" alisema, kwa sauti ya kusikika behewa zima. "Nimechukua cha mtani wangu!"

Watu wakageuka. Mzee wa Kigogo akapiga fimbo sakafuni, kafurahi. "Kachukua! Mzaramo kachukua cha Mnyamwezi! Babu, umeliwa!"

"Hakirudi hicho," Mama Ndalu akacheka. "Kiage tu."

Na ni kweli. Mbele za watu, na neno limeshatajwa, ningekinyang'anya, mimi ndiye ningekuwa mtu wa aibu. Ngumi yake ilikuwa imekaza mpaka vifundo vyeupe. Alinitazama kama mchezaji wa bao aliyekula kete zote. Lakini alikuwa mezani, hawezi kuketi, na tundu liko ubavu wa pili wa tochi. Nami nilikuwa nimekunja mikono.

*

Daktari Koku alirudi akamkuta amekuwa wa rangi ya jivu.

"Daktari," Pazi akamwambia, akinyoosha ngumi. "Tia hiki kwenye tochi. Tundu la kushoto. Nipime tena."

"Hiki ni nini?"

"Tia tu."

"Sitii kitu nisichokijua kwenye mashine ya wagonjwa. Mzee Mihayo, hiki ni nini?"

"Amekichukua yeye," nikasema. "Ni chake sasa. Mwulize mwenyewe."

Pazi akanitazama. Akaelewa alikoingia. Akajaribu kuongea chini, Daktari akasema, "Sisikii, garimoshi linapiga kelele, paza sauti." Akapaza.

"Ni kiitikio. Nusu ya pili ya sauti. Mashine zenu hazina. Nilikitoa. Bila hicho, mashine inafuta vitu vingine ikidhani ni vivuli. Vingine huwa si vivuli."

Hakuna aliyecheka. Mama Ndalu alisimama, mkono mmoja kiunoni, mmoja kwenye tumbo.

"Subiri, baba. Mimi nimepimwa zahanati ya kwetu mara mbili. Nilionyeshwa nini?"

"Nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya kilichomo."

"Na mjini?"

Akageuzia uso dirishani.

"Nakuuliza wewe mwenye soksi! Na mjini?"

"Mjini wanaonyeshwa chote."

Yule mama hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akaanza kujipapasa tumbo, huku na huku, kama anayetafuta funguo gizani. Lile ndilo nililokuwa nalitaka miaka yote, lisemwe, na mwenye kulisema awe yeye. Lilikuwa limesemwa. Nilidhani ningeshiba.

Daktari alikwisha kukitia kidude, na Pazi kamwambia mwili usihame. "Garimoshi lazima lisimame. Mzee, mnyororo!"

Mnyororo wa dharura uko mwisho wa behewa. Garimoshi letu halina dereva, lina akili yake na jua lake juu ya paa, ila ukivuta mnyororo linasimama, na likishasimama linakawia kukubali kuondoka tena. Kutoka mezani hadi mnyororoni si mbali, mtu akikimbia.

Nilitembea.

Niliwapita wanawake, nikaomba njia, nikasema samahani kwa aliyekuwa amenyoosha miguu. Nyuma yangu Daktari aliita, "Mzee, haraka!" Nikaendelea kutembea kama mtu aendaye kusindikiza mgeni. Nilikuwa nalisikia lile neno la Pazi, nilijua, nilijua, kwa kila hatua. Nikafika. Nikavuta.

Garimoshi likatulia katikati ya pori, kimya mpaka ukasikia nzi. Nikarudi, nikashika tochi. Wito. Kiitikio. Na pale nyuma ya mshipa, palipokuwa peupe, pakajaa. Ziwa zima jeusi limelala ubavuni mwa mshipa, linafuata umbo lake, kama mtoto aliyemlalia mwenzake.

"Mungu wangu," Daktari akasema. "Itigi. Itigi sasa hivi."

Lakini garimoshi lilikawia kukubali.

Tulipofika Itigi machela ilikuwa inangoja. Pazi alidai kidude chake. Alisema kwa midomo tu, "Changu." Nikakichomoa kwenye tochi, nikamtia kiganjani, nikamfunga vidole. Sheria ni sheria. Mama Ndalu alikuwa bado hajapimwa.

"Mtani," akaniambia, wanamshusha. "Ukija kwangu, usilale vibaya. Mgongo wako mbovu."

"Nitakuja," nikasema. "Nitalala vizuri."

Alifia mezani kwa wapasuaji.

*

Sikurudi garimoshini. Nilifuatana na maiti mpaka Kisarawe, nikakaa chini pamoja na watani wenzangu, Wanyamwezi na Wasukuma walioko pwani, na kwa asubuhi nzima tulifanya kazi yetu: kuchota maji, kuchimba, kuwasumbua wafiwa. Wapika pilau walinijua kwa jina. Waoshaji walipofungua ngumi ya marehemu walikuta kidude, wakampa mdogo wake, Kibwana Mwalami, aliyekuwa makamu wake na sasa ndiye mkuu. Akakitia mfukoni bila kukitazama.

Kaburi lilipokuwa tayari, kabla jeneza halijafika, niliingia. Mgongo ulinisumbua kweli. Nikalala chali, mikono kifuani, mchanga wa Kisarawe baridi kisogoni.

"Haya!" wakashangilia juu. "Mnyamwezi kaingia! Mzee kapata nyumba!"

"Simpishi mtu," nikasema. "Huyu alinichukulia kitu changu. Sitoki mpaka nilipwe."

Kibwana akaja ukingoni, kanzu nyeupe, anatabasamu kwa uchovu. Akarusha noti. Nikairudisha juu pamoja na konzi ya mchanga. Watu wakacheka. Akarusha nyingi. Nikazirudisha.

"Anataka mbuzi!" mtu akapiga kelele.

"Sitaki mbuzi. Nataka kiitikio."

Kibwana akatoa kidude mfukoni. "Hiki? Chukua, mzee."

"Hicho alichukua kwa utani, ni chake, mzike nacho ukitaka. Mimi nataka chote. Kitume kwenye mashine zote, kila zahanati, kila behewa. Hapo ulipo. Simu si unayo?"

Kicheko kikapungua. Jeneza lilikuwa linakuja, nasikia watu wanaitikia kalima, sauti inakaribia. Shehe akainama ukingoni.

"Mzee wangu, utani tumeuona. Maiti hasubirishwi."

"Wa kwangu alisubirishwa, shehe. Alisubiri ukingoni kule Urambo, na mtoto wake tumboni, huyu marehemu kalala kama nilivyolala mimi, anacheka, na anajua kilichomwua. Muulizeni Kibwana kama nasema uongo."

Hakuna aliyemwuliza. Walimtazama tu. Jeneza likafika, likawekwa chini. Wabebaji wakabaki wamesimama, jasho linawatoka. Na hakuna Mzaramo hata mmoja pale aliyeweza kunivuta mkono, maana mtani havutwi kaburini. Hutoka kwa kulipwa.

"Haya ni mambo ya ofisini," Kibwana akasema. "Tuzike, kesho tutazungumza."

"Wewe zungumza kesho. Mimi nipo."

"Mpe, Kibwana," akasema mwanamume mmoja nyuma, na shangazi mmoja mbali kwenye kivuli cha nyumba akadakia, "Mpe mtu haki yake, ndugu yako anapigwa na jua!"

Alitoa simu. Aliweka kidole gumba, akasema maneno ya siri ya kampuni, akaweka gumba tena. Mimi nami nikatoa simu yangu, palepale nilipolala, nikampigia Daktari Koku. Alikuwa kituo cha Saranda, garimoshi limetulia, tochi mkononi.

"Daktari, unaona nini?"

"Picha imebadilika," akasema. Hakuniita mzee. "Kiitikio kimeingia. Nipo na Mama Ndalu, tulimfuata kwake tukamleta. Ni mtoto mmoja. Nimeangalia nyuma. Ni mmoja kweli."

"Umelipwa!" wakapiga kelele watani juu, wakininyooshea mikono. "Toka sasa!"

Nilikaa kidogo zaidi. Nililipwa kiitikio, hilo sawa. Hii ya kukaa ilikuwa ya Mwashi. Nilitazama lile jeneza ukingoni mpaka shehe akaanza kusema peke yake, ndipo nikatoa mkono wakanivuta.

Pazi Mwalami alizikwa mchana ule. Mkataba wa Dodoma haukusainiwa. Kibwana alijaribu kukizima kiitikio msimu uliofuata, wazee wa Kisarawe wakamkalisha kikao wakamwambia kilicholipwa kaburini hakirudishwi. Akakiacha, kisha akaiuza kampuni. Kiitikio bado kinafanya kazi, ila foleni zimekuwa ndefu na watu wanalalamika. Daktari Koku alieleza wakubwa kwamba nilitembea wakati wa kukimbia. Nilipoulizwa nikakubali, nikafukuzwa. Kama mgonjwa angepona kwa mimi kukimbia, Daktari alisema hajui, na hatujasalimiana tena. Mama Ndalu alizaa mtoto wa kiume. Mzee wa Kigogo alishuka Manyoni na fimbo yake. Kulwa anasoma Urambo, ni mzima, mkaidi. Watu wakimwuliza Doto yuko wapi, anawaambia, "Yuko nyuma yangu."

Mimi natembea. Shati nililolala nalo kaburini kule Kisarawe ninalo, na sijalifua.